Milombwa ya Kyalwe na Udongo Wake

Vijana wa ofisi mmeniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa zamani, nami nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu nistaafu mke wangu ananikuta nyumbani kila saa, na ameanza kunitazama kama mgeni aliyesahau kuaga. Ya pili, nimesikia mnavyosimulia habari za Kyalwe mkiwa mnapumzika, na mnazisimulia vibaya. Mmoja wenu alisema niliwahi kukamatwa na mti. Sikukamatwa na mti. Nilikamatwa na mwanamke, kwa niaba ya mti, na tofauti hiyo nataka ibaki kwenye maandishi.

Vyeo na mshahara sitavitaja. Viko kwenye faili, na faili ina watu wake.

Nilianza kazi ya gardi wa misitu hapa Kamina wakati treni bado ilikula kuni. Siku ya kwanza nilipewa kofia iliyonifika masikioni, filimbi ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya kumwita nani, na nyundo. Hiyo nyundo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Upande mmoja ilikuwa na makali kama shoka dogo, upande wa pili ilikuwa na herufi moja ndani ya duara. Unabandua gamba la mti kwa makali, unageuza, unagonga mara moja kwa nguvu, na herufi inabaki imezama kwenye mti. Mti uliogongwa uliitwa mti mama. Uliachwa udondoshe mbegu, na wakata miti waliruhusiwa kuchukua mingine yote iliyokuwa ndani ya mpaka wao. Mti uliogongwa ulikuwa wa Serikali, na hata Serikali yenyewe haikuweza kuukata bila barua kutoka juu kabisa. Hilo la barua mlishike, kwa sababu ndilo lililotuokoa.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Kabange, gardi wa zamani mwenye goti bovu, niliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa heshima ya umri wake. Alikuwa akitembea mbele yangu polepole sana, nikadhani ni goti. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anaangalia. Alinifundisha kunusa moto kabla ya kuuona moshi. Alinifundisha kuujua mti kwa gamba lake wakati wa kiangazi, majani yakiwa yameanguka yote na msitu mzima ukiwa umevaa rangi moja. Alinifundisha pia kwamba ukifika kijijini usiulize habari za miti kabla hujala. Hilo la mwisho nililishika haraka kuliko mengine, na ndilo lililoniponza.

Kyalwe ni kijiji cha nusu siku kwa baiskeli kutoka hapa, kama baiskeli ni nzima. Nyuma ya nyumba zake kuna kichaka kikubwa cha milombwa. Kwa wale waliozaliwa kambini karibu na stesheni na wanaoujua mti ukiwa tayari ni kiti: mulombwa ni mti wa nchi kavu, unaovumilia miezi bila mvua, na tunda lake ni duara lenye mbawa na miiba katikati, kama jicho lenye ndevu. Ukilikata gamba lake, unatoka utomvu mwekundu, mzito, unaotiririka taratibu. Hata mimi niliyekuwa na nyundo ya Serikali mkononi nilirudi nyuma hatua mbili mara ya kwanza nilipouona.

Kabange alikuwa amekaa pembeni, akaniacha nigonge mti mmoja peke yangu, wa kujifunzia. Nilibandua, nikagonga, utomvu ukaanza kushuka. Nilipogeuka nilikuta wanawake sita wamesimama nyuma yangu, na mbele yao alikuwa Mama Numbi, mzalishaji, yaani mkunga, wa kijiji. Ndiye aliyetengeneza unga mwekundu wa mulombwa ambao wazazi na watoto wachanga wa Kyalwe walipakwa, na ndiye aliyeangalia kichaka kile, kama mama yake alivyokiangalia kabla yake.

"Baba gardi," akasema, "weye unatoboa muntu mbele ya kumusalimia?"

Nikamwambia kwamba huo ni mti.

"Njo unatoka damu, na weye unaniambia iko muti," akawaambia wenzake, bila kunijibu mimi.

Desturi ya Kyalwe ilikuwa hivi. Mwenye kumjeruhi mulombwa lazima amtibu. Unachimba udongo wa mfinyanzi mtoni, unauchanganya na majivu, unalifunga jeraha lote, na unarudi kuliangalia mpaka lipone. Haijalishi wewe ni nani. Nilimtazama Kabange anitetee. Alikuwa ameketi juu ya kichuguu, analitazama goti lake kwa makini sana.

Basi nikachimba udongo. Na kila Jumamosi kwa miezi mitatu nilipanda baiskeli nusu siku kwenda kumtazama mgonjwa wangu, nusu siku kurudi. Nilimwambia mke wangu naenda kazini, na ilikuwa kweli, ila sikujua ni kazi ya nani.

Sitasema siku hizo zilipotea. Mama Numbi alikuwa mkali, lakini alikuwa anafundisha huku akinigombeza. Gamba la dawa, aliniambia, linatolewa upande wa jua linapotoka tu, upana wa kiganja kimoja, na hurudii mti huo mpaka pafunge. Ukizungusha gamba lote, umeua. Majani makavu yanayouzunguka mti yanachomwa mapema, mvua ikiisha tu na nyasi zikiwa bado na maji, ili moto mkubwa wa Agosti ukija usikute cha kula. Vichipukizi vinavyotoka kwenye mizizi havikanyagwi, na mbuzi anayevila anakuwa mchuzi bila mjadala. Mti wa kinu au wa ngoma unakatwa baada ya kukaa na kukubaliana, na anayeukata anaangalia vichipukizi vitatu mpaka vimpite kimo. Mambo haya niliyaandika kwenye daftari langu. Miaka mingi baadaye yalikuja kwetu yamechapishwa kutoka mjini kama ushauri mpya wa wataalamu, nikafurahi kuona kwamba wataalamu nao walikuwa wameanza kufika Kyalwe.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Mkandarasi mmoja wa mbao alipewa kibali cha kukata, na mpaka wake kwenye ramani ulipita kule, ukakimeza kichaka chote cha Kyalwe. Agronome wetu wa wakati ule, afisa mkubwa wa kilimo na misitu, alikuwa Mzungu mwembamba aliyeanza kila sentensi kwa neno "kwanza", na watu walimwita Bwana Kwanza, ingawa si mbele yake. Akaniambia: "Kwanza, utapiga miti mama makumi mbili. Makumi mbili tu." Nilikijua kichaka kile. Ishirini ilikuwa kama kumwambia mtu achague vidole viwili vya kubaki navyo.

Nilikwenda Kyalwe na moyo mzito. Nikamsalimia mti mmoja mmoja kabla ya kugonga, nikagonga ishirini, nikafunga udongo ishirini. Nilipomaliza Mama Numbi alinipikia bukari, ugali wetu wa huku, na samaki mkavu wa Mulongo, na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kula kwanza, nilikula.

"Iyi chapa, maana yake ni nini?" akauliza.

Nikamweleza. Mti wenye chapa hauguswi, hata mkandarasi akilia. Mti usio na chapa ni wake.

"Na bile bengine bote watakata?"

"Watakata yote, Mama."

Akaniomba aishike nyundo aone uzito wake. Mimi nilikuwa na mwiba wa samaki kwenye jino. Alitoka nayo nje, akakaa huko muda wa mtu kuaga wageni, akairudisha imefutwa vizuri kabisa. Nikafikiri, mama huyu ana usafi. Vijana, msiiachie nyundo yenu mkiwa mnakula. Huko nje alikuwa ameikandamiza kwenye udongo wa vyungu, na alama ile akaipeleka kwa Banza.

Banza alikuwa mhunzi wa Kyalwe, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye hakuwahi kukataa kazi ya chuma kwa sababu hakuona chuma kinaweza kuwa na kosa. Alitengeneza nyundo. Niliporudi wiki mbili baadaye kuwatazama wagonjwa wangu ishirini, nilikuta kichaka kizima kimefungwa udongo tumboni. Mia moja na kumi na tisa. Nilitembea mti hadi mti, nimeshika kofia mkononi.

Na hawakuishia kwenye milombwa. Habari ilikuwa imeenea kwamba kitu chenye chapa ile Serikali haikigusi. Walikuwa wamepiga vinu. Walikuwa wamepiga benchi la mbele la kanisani, kwa idhini ya katekista. Bwana Amisi, mfanyabiashara wa Kimaniema aliyekuwa akipita na chumvi na vitambaa, alikuwa ameomba sanduku lake lipigwe pande zote nne. Na Mama Numbi, kwa kuwa udongo ulikuwepo, alikuwa amepiga vyungu vyake vyote kabla ya kuvichoma.

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikutoka vizuri, "hii ni gereza. Yako, ya Banza, na yangu."

"Juu ya nini? Weye mwenyewe ulisema, yenye chapa hapana kukata."

"Yangu. Chapa yangu."

"Iyi iko ile ile," akasema Banza, akinionyesha kwa fahari. "Minyi nilitengeneza muzuri kupita. Ya kwako ilikuwa imechoka."

Halafu nikaliona jambo ambalo wao hawakuliona kabisa. Walikuwa wameiba chapa ya Serikali ili ionekane, kisha wakaifunika. Hawakuwa na njia nyingine. Mti ulijeruhiwa, kwa hiyo ulitibiwa, na hakuna mtu Kyalwe aliyefikiria kwamba ungeweza kumjeruhi mulombwa ukaenda zako. Mkandarasi angekuja, angeona matope tu, angekata. Nilimwambia Mama Numbi tuutoe udongo haraka.

"Bado kupona," akasema.

Nikamwambia watakatwa.

"Kidonda hapana kufungua mbele ya kupona. Na weye unajua. Weye mwenyewe nilikufundisha."

Niliogopa, nasema wazi. Udongo ukibaki, kichaka kinakatwa chote, pamoja na ishirini yangu ya halali. Udongo ukitolewa, chapa mia moja na kumi na tisa zinatazama jua, na mhunzi na mzalishaji wanafungwa. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Nilirudi Kamina nikiwa nimeisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda, na sikumwambia mtu.

Siku ya ukaguzi tulikwenda na lori: Agronome, mimi, Kabange, na kapita, yaani msimamizi, wa mkandarasi, ambaye alikuwa amekuja na watu wenye mashoka yaliyonolewa. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kichakani, kimevaa nguo za Misa. Agronome alishuka, akatazama.

"Kwanza," akasema, "hii miti inaumwa nini?"

"Hapana chapa hapa, Bwana," kapita akasema. "Iko matope tu. Tuanze?"

Wakati huo msichana mmoja wa heshima akamletea Agronome maji ya kunywa kwenye chungu kidogo, na kwenye tumbo la chungu niliiona herufi ya Serikali imechomwa vizuri, nyeusi, ndani ya duara lake. Nilikipokea mimi. Nilikunywa maji yote, kiganja kikiwa juu ya herufi, mbele ya mkubwa wangu wa kazi aliyekuwa amenyoosha mkono. Kabange alikohoa. Agronome aliniandikia kitu moyoni mwake, niliona.

Kisha akaamuru mti mmoja uoshwe. Mama Numbi alisimama mbele ya mti, mikono kiunoni. Mwishoni alisema ataosha yeye mwenyewe, kwa sababu sisi hatujui kushika mgonjwa. Aliosha taratibu, akinong'ona. Utomvu ulikuwa umeganda chini ya udongo, mweusi na mgumu. Agronome akaukwangua kwa kisu cha mfukoni, na herufi ikatokea, imesimama wima, imezama sawasawa pande zote.

"Kazi safi," akasema. Ilikuwa ya Banza.

Wa pili ulikuwa wangu. Herufi ilikuwa imelala upande na nusu ya duara haikuwepo.

"Hapa ulikuwa umechoka?"

"Ndiyo, Bwana."

Wakaosha wa tatu, wa nne, wa kumi. Kapita alikuwa ameanza kuyatazama mashoka yake kwa huzuni. Mti wa ishirini na moja ulipooshwa na herufi ikatokea, Agronome alifunga kisu chake.

"Kwanza, nilisema ngapi?"

"Makumi mbili, Bwana."

"Na huu?"

Agronome alitazama nyuma ya ule mti, akaona matope mengine yanaendelea mpaka kwenye kijito. Banza alikuwa anaitazama mikono yake. Mama Numbi alivuta pumzi, akapiga hatua mbele, akafungua mdomo, nami nilijua kwamba mwanamke yule atasema ukweli wote kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lori.

"Ni mimi, Bwana," nikasema. "Nimepiga yote."

"Hujui kuhesabu?"

Vijana, mimi nilisomeshwa na mapadri. Kwa hesabu nilikuwa wa kwanza darasani mwaka hadi mwaka, na baba yangu aliwaambia hilo watu ambao hawakuuliza.

"Najua, Bwana. Mpaka makumi mbili. Kisha naanza tena moja."

Alirudisha kisu mfukoni. "Na ulianza tena mara ngapi?"

"Hiyo ndiyo sikuhesabu, Bwana."

Kabange alilazimika kwenda nyuma ya lori. Agronome aliketi juu ya kisiki, akatoa karatasi, akaandika mistari miwili, akaisoma, akaikunja. Nilijua anachokiona. Mti uliogongwa haukatwi bila barua kutoka juu, na barua hiyo ingebidi ieleze kwamba yeye, baada ya shule zake zote, aliikabidhi nyundo ya Serikali kwa mtu asiyejua kinachofuata baada ya ishirini. Akaandika tena, akaikunja tena. Mwishoni akamwita kapita, wakafungua ramani juu ya boneti la lori.

"Kwanza," akasema, kwa uchovu, "tutasogeza limite, huu mpaka, ng'ambo ya kijito."

Kapita alilalamika kidogo. Ng'ambo ile kulikuwa na mitondo mingi, miti mingine ya mbao, hivyo hakulalamika sana.

Adhabu yangu ilikuwa kukaa shule ya misheni kila asubuhi kwa muhula mzima, darasa la kwanza, kwenye benchi la watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, nikiimba moja mpaka mia na watoto wa miaka saba. Niliimba kwa bidii. Kwenye faili liliandikwa neno kwamba nisipewe kazi yoyote ya kuhesabu, na neno hilo lilinifuata kwa kila mkubwa aliyekuja. Niliumia, sitaficha. Niliwaona wenzangu niliowafundisha wakipewa madaftari ya kuhesabia, nami nikipewa filimbi mpya.

Jumamosi ya kwanza baada ya ukaguzi nilikwenda Kyalwe nikitegemea kupokewa vizuri. Mama Numbi alikuwa ananingoja na beseni la udongo.

"Batu yako walifungua bidonda makumi mbili na moya, wakaacha hivi hivi," akasema. "Chukua."

Nilifunga yote ishirini na moja. Nilipomaliza alinimwagia maji mikononi, na wakati huo tu, akiangalia pembeni, akasema, "Wafwako, tata." Asante, baba. Alikuwa mkubwa kwangu, na hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nilijifanya naosha uso.

Kuhusu nyundo ya Banza, nadhani sasa inaweza kusemwa. Miaka ya baadaye ile ya Serikali ilipasuka shingoni, nikatumwa kutafuta mhunzi wa kuiunga. Banza aliitazama, akasikitika, akaingia ndani, akatoka na nyingine. Ndiyo niliyotumia mpaka nilipostaafu, na ndiyo inayoning'inia ofisini kwenu mlangoni upande wa kulia. Itunzeni, hamtapata nyingine nzuri kama hiyo.

Wiki iliyopita, kwa kuwa hakuna mkubwa tena wa kunizuia, nilikwenda Kyalwe kuwahesabu wagonjwa wangu, milombwa ambayo haikugeuka visiki. Niliwahesabu kwa sauti, nimekiweka kiganja juu ya kila mmoja, pamoja na vichipukizi vilivyonipita kimo. Mama Numbi sasa anatembea na fimbo, macho yake hayaoni mbali, na alinifuata nyuma bila kunisaidia. Nilifika mia tatu na kumi na mbili, nikasimama.

"Uliruka ile mudogo nyuma ya kichuguu," akasema. "Na hukumusalimia."

Nilirudi nikamsalimia.